Chupa Juu ya Meza: Niliyojifunza kwa Wamaori wa Waikato

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa haraka ya mtu anayeamini kwamba anafanya kazi yake vizuri. Ilikuwa zamu ya asubuhi katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya Waikato, katika Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi, na mgonjwa wangu alikuwa mzee wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga siku mbili kabla. Nilimsaidia kukojoa akiwa kitandani, nikaishika chupa ya mkojo, na kwa kuwa nilihitaji mikono yote miwili ili kumweka sawa, nikaitua chupa hiyo juu ya meza ya magurudumu iliyokuwa kando, ile inayosogezwa mbele ya mgonjwa wakati wa kula. Meza ilikuwa tupu, kwani hata chai ilikuwa haijaletwa. Chupa haikukaa pale zaidi ya nusu dakika. Nilipoiondoa niliipangusa meza kwa dawa, kama tulivyofundishwa, nikaona jambo limekwisha.

Binti yake, mama wa makamo aliyekuwa amelala kitini usiku kucha, hakusema neno. Aliinuka, akaisukuma ile meza hadi nje ya mlango, akarudi kukaa. Kifungua kinywa kilipofika, mzee alikataa kula. Nilimwuliza kama anasikia kichefuchefu, akasema hasikii. Nami nikaandika kwenye faili lake kwamba hamu yake ya chakula imepungua, sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka hunitoa jasho.

Aliyenifumbua macho ni mhudumu mmoja wa wodi, Mmaori, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye sote tulimwita Whaea, yaani mama au shangazi. Alinikuta kwenye chumba cha kupumzikia, akanimiminia chai kabla ya kusema lolote.

"Binti, ile meza haikuwa chafu," aliniambia. "Ingekuwa chafu, ungeifuta ikatakata."

Sikumwelewa, na akaona kwamba sikumwelewa. Akanieleza taratibu kwamba mwili wa mtu, na hasa kichwa chake, pamoja na yote yatokayo mwilini, uko katika hali iitwayo tapu, hali ya kutengwa na kuwekewa mpaka. Chakula kiko upande wa pili, upande wa noa, mambo ya kawaida yasiyo na mpaka, na chakula kilichopikwa kina nguvu ya kuiondoa tapu, kiasi kwamba baada ya shughuli nzito watu hula pamoja ili wairudie hali yao ya kila siku. Pande hizi mbili zote ni njema, na maisha yanazihitaji zote. Lisilofaa ni kuzichanganya. Ndiyo maana mto uliowekwa chini ya mguu wa mgonjwa hauhamishwi ukawekwa chini ya kichwa chake, na hospitali nyingi hutumia foronya za rangi mbili ili kuutofautisha. Ndiyo maana chanuo haliwekwi karibu na sahani, mtu hakalii meza ya chakula, na vitambaa vya kukaushia vyombo havifuliwi pamoja na nguo za mwilini.

Nilitafuta moyoni neno la Kiswahili la kulifunika jambo hili, nikapata "mwiko". Kwa muda mrefu niliridhika nalo, ingawa halitoshi, kwa sababu mwiko hukuambia tu usifanye, ilhali tapu kwanza hukuonyesha uzito wa kitu na uhusiano wake na watu. Tena, kwa kichekesho ambacho nisingeweza kumtafsiria Whaea, neno letu la mambo yasiyoguswa ndilo hilohilo tunalosongea ugali.

Lazima nieleze hapa kwa nini niliteleza, maana sikuwa mtu wa kudharau mila za wengine. Nimezaliwa na kulelewa Pangani, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo mtoto aliyeruka miguu ya mtu aliyeketi aliamriwa arudi airuke tena upande wa pili, ambayo hakuna aliyeingia bila hodi wala aliyempa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Nilipofika Nyuzilandi mwaka 2015 nilikuta watu wanaovua viatu mlangoni, wanaomtanguliza mzee, wanaomwita kila mwanamke wa rika la mama yao "mama", na wasioweza kumwacha mgeni aondoke bila kula. Kwao tabia hiyo ya kumpokea na kumtunza mgeni inaitwa manaakitanga, na kwetu tunaiita ukarimu. Nilijiona nimefika kwa ndugu.

Lugha nayo ilinipa kiburi. Irabu za Kimaori ni zetu zilezile tano, herufi r hutamkwa kama yetu, na ng yao ni ile ya ng'ombe, sauti ambayo wenzangu wengi wa wodini waliipigania bila mafanikio. Nilipoyaita majina ya wagonjwa kama yalivyo, wazee waliinua vichwa wakatabasamu. Ni kweli kwamba kutamka jina la mtu sawasawa ni heshima kubwa katika nchi ambayo kwa vizazi vingi watoto waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao, na ambayo lugha hiyo haikutambuliwa rasmi hadi mwaka 1987. Lakini mimi nilidhani nikishapata matamshi nimeshapata na mengine. Hata katika matamshi penyewe nilikuwa na kilema, kwa kuwa Kimaori hupima urefu wa irabu: keke ni keki na kēkē ni kwapa, na siku moja nilimsifu mama mmoja kwa kwapa lake tamu mbele ya wajukuu wake. Walicheka mpaka wakalia. Kosa hilo halikuniumiza. Kule kufanana na wao ndiko kulikoniumiza, kwa sababu mtu akikuta asilimia tisini ya mambo anayajua, huacha kuuliza.

Kosa la pili lilitoka hapo. Kwao mtu hujitambulisha kwa pepeha, maneno yanayotaja mlima wake, mto wake, mtumbwi uliowaleta mababu zake, kabila lake, ukoo wake na mwisho kabisa jina lake, kwa sababu mtu ni matokeo ya hayo yaliyomtangulia. Nilikuwa nimeikariri pepeha moja kutoka katika semina ya haraka ya kazini, ambayo mwezeshaji wake alituambia tutaje mlima ulio karibu na tunapoishi. Basi siku ya kikao cha wafanyakazi na wazee wa eneo lile nilisimama, nikajitambulisha kwa matamshi safi kabisa kwamba mlima wangu ni Taupiri na mto wangu ni Waikato.

Mzee mmoja, mwenye fimbo, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, bila hata chembe ya kejeli: "Mwanangu, nani wako amelala Taupiri?"

Taupiri ni mlima wa maziko. Wafalme wa Kimaori wamezikwa pale, tangu zama za ufalme ulioanzishwa mwaka 1858 chini ya Pōtatau Te Wherowhero hadi wakati wetu, na pembeni mwao wamelala watu wa kawaida wa koo za Waikato. Kusema kwamba mlima ule ni wangu ni kusema kwamba wazee wangu wamo mle. Sikuwa na mtu Taupiri. Nilikaa chini.

Baadaye nilielewa kwamba swali lile lilikuwa na tabaka lingine. Mwaka 1863 jeshi la serikali ya kikoloni liliivamia Waikato, na baada ya vita ekari zipatazo milioni 1.2 zilitaifishwa, zikagawiwa walowezi. Wenyewe huliita jambo hilo raupatu, na hulitaja kama jambo la juzi. Ilichukua hadi mwaka 1995 kwa Malkia Elizabeth wa Pili kuidhinisha mwenyewe sheria iliyobeba ombi la msamaha la Taji, yaani dola, kwa watu wa Waikato. Mgeni anayeshuka kwenye ndege na kuuita mlima wao wake, hata kwa nia safi, anasema maneno ambayo walishayasikia kwa watu waliokuja na bunduki. Vilevile Mkataba wa Waitangi kati ya Taji la Uingereza na machifu wa Kimaori, uliotiwa saini kuanzia tarehe 6 Februari 1840, una nakala mbili zisizosema jambo moja: ile ya Kiingereza inasema machifu walikabidhi mamlaka yote, na ile ya Kimaori, ambayo ndiyo machifu wengi zaidi walioitia saini, inawahakikishia mamlaka yao ya kichifu juu ya ardhi, vijiji na tunu zao. Nilikuwa nimeyasoma haya katika kozi ya wauguzi wageni, kama mtu asomavyo tarehe za mtihani. Yule mzee ndiye aliyeyatia uhai kwa maneno matano.

Pepeha yangu niliipata jikoni kwa Whaea. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alinionyesha chombo kidogo cha udongo kilichofinyangwa maalumu kwa ajili ya kubebea kondo la nyuma hadi kwenye ardhi ya ukoo wao, likazikwe. Akaniambia kwamba katika lugha yao neno ni moja: whenua ni ardhi, na whenua ni kondo la nyuma. Kilichomlisha mtoto tumboni kinarudishwa kwa kitakachomlisha akishazaliwa. Nikamwambia kwamba kwetu mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu kwa kutaja mahali kitovu chake kilipozikwa.

Aliweka kile chombo chini. "Chako kilizikwa wapi?"

"Pangani, nyuma ya nyumba ya bibi, mtoni. Mto wenyewe unaanzia Kilimanjaro na Meru, unakuja kumwagika baharini pale kwetu."

"Sasa hiyo ndiyo useme," alijibu. Kuanzia siku hiyo nikisimama kujitambulisha husema mlima Kilimanjaro na mto Pangani, kisha husema kwamba ninaishi na kufanya kazi chini ya kivuli cha Taupiri, na neno hilo "chini ya kivuli" sijawahi kuona mtu akikunja uso kwa kulisikia.

Katika mtihani wa kozi ile nilikuwa nimepata alama nzuri. Niliandika bila kusita kuta nne za nyumba ya afya kama alivyozieleza daktari wa Kimaori Mason Durie, yaani mwili, nafsi, roho na ukoo, na nikaeleza kwamba ukuta mmoja ukidhoofika nyumba yote huinama. Nilieleza pia fikra ya Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori aliyefariki mwaka 2003, ambaye kwa juhudi zake Baraza la Wauguzi la nchi ile liliingiza usalama wa kiutamaduni katika mafunzo ya uuguzi mwaka 1992. Kiini cha fundisho lake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa, wala si aliyehudumu. Yeye hakuwataka wauguzi wakariri mila za watu. Aliwataka kwanza wajitazame wenyewe, waone mila zao wanazozibeba hadi kitandani kwa mgonjwa bila kujua. Nililiandika hilo kwa kalamu nzuri, nikapewa alama zote, na sikulielewa mpaka usiku mmoja wa majira ya baridi.

Usiku huo, kama saa tisa, bibi mmoja aliyekuwa chini ya uangalizi wangu alikata roho. Walikuwapo chumbani watu wasiopungua ishirini, watoto kwa wajukuu, wengine wamelala sakafuni. Mimi ni Mwislamu wa Pwani. Kwetu maiti haikawizwi: aliyefariki usiku huzikwa mchana wake, na kumharakisha ni kumstahi. Sauti hushushwa, kilio kikizidi watu huambizana wasubiri na wamtaje Mungu, na mwenye uwezo wa kufanya jambo hulifanya upesi. Bila kufikiri nikaanza. Niliitoa dripu, nikamfunga kidevu, nikamnyosha mikono, nikanong'ona pole kwa kila niliyempita, na kabla ya nusu saa kutimia nilikuwa nimeshapiga simu ili waje na kitanda cha kumpeleka mochwari. Nilijiona ninampa yule bibi kila ambacho ningempa mama yangu.

Mjukuu wake wa kike, msichana wa miaka kama ishirini, alisimama mlangoni akanitazama. "Dada, unamkimbiza wapi bibi yetu?"

Sikuwa na jibu. Niliisitisha ile simu, nikamfuata Whaea, ambaye kwa bahati alikuwa zamu, naye akaniambia nitoke, nifunge mlango, na nisirudi mpaka niitwe. Nilikaa kwenye korido hadi kukapambazuka. Niliwasikia wakiimba, kisha wakilia kwa sauti kubwa ambayo kwetu ingekemewa, kisha, jambo lililonishtua kuliko yote, wakicheka. Walikuwa wanazungumza naye. Mwanawe mmoja alikuwa akimlaumu marehemu kwa kumwachia mbwa asiyesikia la mtu. Kwao aliyefariki haachwi peke yake hata kidogo kuanzia saa ile hadi kaburini, na kwa kawaida hulala kwenye marae, uwanja na nyumba ya mikutano ya ukoo, siku mbili tatu jeneza likiwa wazi, watu wakimjia, wakimwambia ana kwa ana waliyobaki nayo, mazuri na machungu. Kulipokucha alikuja mzee mmoja akasoma karakia, yaani dua zao, wakaondoka naye wote kwa pamoja wakitembea nyuma ya kitanda. Baada yao mtu wao alikinyunyizia maji kile chumba, na hakuna mgonjwa mwingine aliyeingizwa mpaka hilo lilipofanyika.

Haraka yangu haikuwa utovu wa adabu. Ilikuwa adabu yenyewe, ya kwetu, na ndiyo maana sikuiona.

Siku mbili baadaye Whaea alinichukua kwenda kwenye msiba huo, ambao wao huuita tangihanga. Safari hii niliuliza kila kitu njiani, hata yale niliyodhani nayajua. Nivae nini? Nguo nyeusi, sketi ndefu. Nilete nini? Bahasha, ambayo ataikusanya msemaji wetu na kuiweka chini mbele ya wenyeji, na hiyo ndiyo koha, zawadi ya wageni. Na hongi je? Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua, kwa sababu hongi ni kugusanisha pua na paji la uso, mkichangia pumzi, na inafanywa na wote, wanaume kwa wanawake. Asili yake wanaisimulia kwa kisa cha Tāne, mungu wa misitu, aliyemfinyanga mwanamke wa kwanza kwa udongo akampulizia pumzi puani, naye akapiga chafya akawa hai. Mimi kwa dini yangu sigusani uso na mwanamume asiye maharimu wangu.

"Hilo halihitaji kufichwa wala kupiganiwa," Whaea alisema. "Nitawaambia kabla hatujaingia."

Tulisimama langoni tukingoja. Hakuna anayejiingilia. Sauti ya mwanamke ilipaa kutoka ndani, ndefu na ya juu, ikituita sisi na wafu wetu, na mwanamke wa upande wetu akaijibu huku tukitembea polepole, tukasita katikati ya uwanja kwa ajili ya waliotangulia mbele ya haki. Nilimkumbuka marehemu baba yangu pale, kwa mara ya kwanza tangu mazishi yake ambayo sikuyawahi. Baada ya hotuba na nyimbo tulipita kwenye mstari wa wenyeji. Wanawake tulifanya hongi. Wanaume waliweka mkono kifuani wakainamisha kichwa, na yule mzee wa fimbo, ambaye sikujua kwamba atakuwapo, aliinama karibu zaidi ya wenzake, akakaa hivyo kidogo, kisha akasema, "Pumzi imefika."

Tulipotoka makaburini siku ya maziko, kila mtu alinawa mikono kwa maji yaliyowekwa langoni, kisha tukaelekea kwenye chakula. Nilikula samaki, viazi vitamu na mkate wa kukaanga, nikainuka kwenda kukaa na wageni wenzangu, na hapo bibi mmoja mwenye aproni akanishika kiwiko akaniingiza jikoni. Nilijifunza baadaye kwamba mtu akishapokewa na kulishwa, ule ugeni umeshaondolewa, na asiye mgeni ana kazi. Alinikabidhi kitambaa, nikakausha sahani mpaka vidole vikakunjamana, nikiwa kati ya vijana waliokuwa wakitaniana na kuimba. Jioni ilipoingia alinielekeza kwenye rundo moja kubwa lililokuwa sakafuni, limechanganyikana aproni, taulo za mikono, vitambaa vya vyombo na sweta la mtu, na pembeni yake mabeseni mawili matupu. Hakunieleza lolote. Alijifanya anamenya viazi vya kesho huku jicho moja liko kwangu.

Nilivuta beseni la kwanza, nikatia vitambaa vya vyombo peke yake. Vilivyosalia, aproni, taulo na sweta, nikavitia katika la pili, na nilipofika kwenye taulo moja ambayo sikuweza kujua ilitumika kwa kazi gani, niliinyanyua nikamwuliza. Akaitazama, akaionyesha beseni la pili kwa kisu chake, akarudi kwenye viazi.